Mkono wa Kulia

Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na tisa, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya karakana za mtaa wa Jabe, na mtu akiniuliza wanafunzi wangu wanajua nini kuliko vyote, nitamjibu bila kufikiri: kunyosha mikono. Kusoma wanasoma wachache. Kuhesabu wanahesabu kwa vidole, na vidole vikiisha wanaazima vya jirani. Lakini mikono yao, mbele ya mgeni, inapanda yote kwa mara moja, na mgeni akisimama mlangoni anadhani ameingia darasa la mabingwa.

Siri yake si kubwa. Mwalimu akiuliza swali mbele ya mkaguzi, anayejua jibu ananyosha mkono wa kulia. Asiyejua ananyosha wa kushoto. Mwalimu anachagua katika ya kulia, mkaguzi anaona mikono tu hewani, na kila mtu anarudi kwake kwa amani. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilifundishwa na mwalimu mzee aliyenipokea nilipoanza kazi, naye alifundishwa na mwenzake, na shuleni kwetu sijui darasa lisilofanya hivyo. Mimi naifanya kwa ustadi. Kungekuwa na cheti cha mikono, kingetundikwa sebuleni kwangu.

Msiniulize kwa nini. Nina watoto mia moja na wanne katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya hamsini. Wanakaa watano kwenye benchi la watu watatu, na aliye pembeni anaandika huku mguu mmoja uko nje kana kwamba yuko safarini. Vitabu vya kusoma ninavyo kumi na viwili, na viwili kati yake havina kurasa za mwanzo. Asubuhi chumba ni changu, mchana ni cha mwenzangu wa zamu ya pili, ambaye anafuta ubao wangu kabla sijatoka mlangoni. Ukuta mmoja tunachangia na fundi wa kuchomelea vyuma. Akiwasha mashine yake, mimi nanyamaza. Akizima, naendelea pale nilipoachia. Zamani nilikuwa nikigombana naye. Siku hizi namshukuru kimoyomoyo, maana ananipa nafasi ya kukaa kimya.

Katika hao mia moja na wanne alikuwamo msichana wa benchi la nyuma, upande wa dirisha. Alikuja mjini na mama yake mdogo kutoka upande wa pili wa ziwa, wakati wa zile vurugu zao, na mama yake mzazi hakuja. Alikuwa mrefu kuliko wenzake kwa sababu alikuwa anarudia darasa la tatu kwa mara ya tatu. Kirundi alikuwa amekiokota barabarani, Kifaransa alikuwa akikisikia kwangu tu, na nyumbani walisema Kiswahili cha huko kwao Fizi. Ukimwekea herufi mbele alikuwa anazitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama wageni wasiomhusu. Nilimzoea hivyo. Mwalimu mwenye watoto mia anawapa alama ya kudumu mapema, maana hana muda wa kuwapima kila siku. Yeye nilimpa alama yake mwaka wa kwanza: hajui.

Mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, mama yake mdogo alikuja shuleni. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na harufu yake ilitangulia mlangoni. Alivaa kitenge safi na alisimama wima kama mtu aliyekwisha amua.

"Madamu," alisema, "huyu mutoto miaka tatu iko mu darasa moja. Mi naona ni kupoteza siku. Dada yangu mukubwa iko kule kwetu Baraka, ana batoto badogo, anaomba mutu wa kumusaidia. Nitamutuma."

"Mumupe nafasi kidogo, Mama," nilimwambia. "Ameanza kufunguka."

Ulikuwa uongo, ule tunaowapa wazazi wote. Nadhani aliujua, kwa sababu hakuushika.

"Mi sijue kusoma," alisema. "Akiniambia anajua, nitahakikisha aje? Basi, wanasema kuna mukubwa atakuja kuwaangalia. Siku ile umusimamishe asome mbele yake. Akisoma mbele ya mukubwa, mi nitamuacha hapa amalize masomo yake. Usipomusimamisha, nitajua hajui, na nitamutuma."

Nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo ili aondoke, maana fundi alikuwa amezima mashine na watoto walikuwa wananingoja. Yule msichana alikuwa nyuma ya mama yake mdogo, ameshika ncha ya kitenge chake, na aliisikia ile ndiyo yangu neno zima.

Nitajitetea kidogo, ingawa sijui kwa nani. Wiki ile nilimkalisha wakati wa mapumziko mara tatu, labda nne. Nilikata vipande vya karatasi ngumu, nikaandika silabi, tukazipanga juu ya benchi. Alikuwa anakwenda polepole lakini alikuwa anakwenda. Kisha mkuu wa shule akatuita, akasema mkaguzi wa safari hii ni mkali, na walimu wenye alama mbaya majina yao yatakwenda kwenye orodha ya uhamisho. Mimi mara iliyopita nilipata alama mbaya. Nina mama mgonjwa, mtaa wa Bwiza, ambaye hawezi kugeuzwa kitandani na mtu mwingine, na nilijiona niko kwenye shule ya mlimani huko mbali, ninapokea habari zake kwa simu. Nikaacha silabi. Tukaanza mazoezi ya mikono. Tulifanya mazoezi ya mikono kwa siku nyingi kuliko tulivyowahi kufanya mazoezi ya kusoma.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kwenye mstari wa asubuhi, watoto wakiwa wameshaimba wimbo wa taifa, msichana yule alitoka kwenye nafasi yake akanijia. Sare yake ya kaki ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa upya. Alikuwa amepakwa mafuta mpaka masikio yanang'aa. Mtu alikuwa ameshughulika naye.

"Madamu, leo nitasoma," aliniambia.

"Ndiyo, ndiyo," nilimjibu. "Rudi ku mustari."

Nilikuwa nahesabu chaki.

Kwenye ubao niliandika kwa mwandiko wangu mzuri somo la mistari sita, kwa Kifaransa, juu ya mama mmoja anayepeleka kuku sokoni na kuku anamtoroka. Somo lile tulikuwa tumelirudia wiki mbili. Watoto walikuwa wanaliimba uwanjani wakiruka kamba. Hata fundi wa kuchomelea alikuwa anajua kuku anatorokea wapi.

Mkaguzi alichelewa. Mafuta hayakuwepo mjini siku zile, magari yalikuwa yamepanga mstari toka juzi, naye alikuja kwa miguu, viatu vyake vimejaa vumbi na shati limemganda mgongoni. Tulisimama tukamwamkia kwa sauti moja. Aliitikia kwa kichwa, akapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma, akatafuta pa kukaa. Watoto wa benchi la nyuma walijibana, naye akakaa pembeni, bega lake karibu na bega la yule msichana. Nilipoona pale alipokaa, niligeukia ubao haraka.

Nilifundisha. Siwezi kusema nilifundisha vibaya. Nilisoma mstari kwa mstari kwa fimbo yangu ya mwanzi, watoto wakafuata. Niliuliza kuku alikuwa wa rangi gani, mikono ikapanda, nikachagua wa kulia, jibu likaja safi. Niliuliza mama alikuwa anakwenda wapi, mikono ikapanda, jibu likaja. Mkaguzi alikuwa anaandika. Jasho lilikuwa linanishuka nyuma ya magoti. Kila swali, benchi la nyuma lilikuwa linanyosha mkono wa kushoto, wote watano, kama nilivyowafundisha, na nilikuwa nawapita kwa macho nikiendelea.

Ndipo nikauliza swali lenyewe. "Nani atatusomea somo lote?"

Mikono ikapanda. Kule nyuma, karibu na bega la mkaguzi, ikapanda minne ya kushoto na mmoja wa kulia.

Niliuona. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba sikuuona. Niliuona vizuri. Na nikakumbuka ndiyo yangu, na mama yake mdogo, na kitenge. Yote yalinijia kwa wakati mmoja, na juu ya yote likaja lile neno nililompa mwaka wa kwanza: hajui. Nilijiambia, huyu amechanganya mikono. Au anataka tu kuitwa, kwa sababu anaogopa kupelekwa Baraka, na mtu anayeogopa ananyosha mkono wowote. Akisimama pale, sentimita kumi kutoka kwa mkaguzi, akatazama ubao kwa adabu yake ile asitoe neno, kazi yangu imekwisha. Nikainua macho yangu juu ya kichwa chake, nikamwita mvulana wa benchi la kwanza.

Mvulana yule alisoma bila kosa. Alisoma akiwa ananitazama mimi. Mkaguzi alimwacha amalize, kisha akasema kwa upole, "Nisomee mstari wa nne tu."

Mvulana akaanza tena mstari wa kwanza. Hakuwa na namna nyingine. Mtu aliyekariri hawezi kuingilia katikati, lazima apitie mlangoni. Mkaguzi hakumkatiza. Alimngoja mpaka akafika mstari wa nne, akasema, "Vizuri, kaa." Kisha akasema, "Mwingine."

Niliuliza tena. Ule mkono wa nyuma haukuwa umeshuka hata kidogo. Ulikuwa umechoka, nadhani, kwa sababu alikuwa ameushikilia kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayesimamisha nguzo. Alikuwa ananitazama. Hakuita "Madamu, Madamu" kama wengine, maana nilikuwa nimewakataza. Nikamwita msichana wa benchi la pili, naye pia alikariri vizuri.

Somo likaisha. Mkaguzi aliinuka, akajipangusa vumbi, akaja mbele kunipa mkono. Mlangoni aligeuka akalitazama darasa, na kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu akasema, "Mikono yako imepangwa vizuri, Madame. Mimi pia nilikuwa mwalimu." Hakutabasamu. Siku tatu baadaye mkuu wa shule alinionyesha alama yangu, na ilikuwa nzuri.

Watoto walipotoka, yule msichana alibaki amesimama mbele ya ubao. Mkoba wake, mfuko wa plastiki, ulikuwa mkononi, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nilidhani anakariri ili asiachwe nyuma siku nyingine. Mwenzangu wa zamu ya mchana akaingia na kitambaa chake chenye maji, akafuta mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, na msichana akafuata kitambaa kwa macho. Kisha akatoka. Mimi nilikuwa nakusanya vitabu vyangu kumi na viwili.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Benchi la nyuma likawa na watoto wanne. Nitasema jambo la aibu: nilichoona kwanza ni kwamba sasa wanaandika vizuri zaidi kwa sababu wamepata nafasi ya viwiko. Tunazoea. Watoto wanatoka kwenye mabenchi yetu kila mwezi, na sisi tunasogeza waliobaki. Nilipokuwa kijana nilikuwa nakwenda majumbani kuwatafuta. Sijui niliacha mwaka gani.

Naweza kuandika hapa kwamba nilikwenda sokoni kumtafuta. Sikwenda kumtafuta. Baada ya kuonyeshwa alama yangu nilijisikia mwepesi, na mama alikuwa anatamani ndagala wakavu, basi nikapita soko la Jabe. Nilikuwa nimeshainama kuchagua ndipo nikaona kile kitenge.

Mama yake mdogo alinisalimu vizuri. Alinipa kigoda. Nikamuuliza mtoto yuko wapi.

"Ameshaenda, Madamu. Alivuka mupaka kwenda Uvira, akapanda boti. Dada yangu alimupokea."

"Mbona haukuningoja, Mama?"

"Nikungoje nini?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapepeta ndagala kuondoa mchanga. "Alirudi, nikamuuliza, mukubwa alikuja? Akasema alikuja, aliikala karibu yangu. Nikamuuliza, Madamu alikusimamisha? Akasema apana. Basi nikajua."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema anajua. Alilia sana, akasema, mama, mi najua. Lakini mi sijue kusoma, Madamu. We ndiye unajua. Kama we mwenyewe haukumuamini, mi nitamuamini aje?"

Nikachukua ndagala mmoja nikamtazama. Yeye akaweka ungo chini.

"Ngoja nikuulize kitu," alisema. "Pale ku ukuta, kumeandikwa nini?"

Nyuma ya meza yake kuna ukuta wa ghala, na juu yake mtu aliandika zamani, kwa rangi nyekundu, maneno ya Kirundi. Niliyasoma. Ningeweza kudanganya. Nimewadanganya wakaguzi wangapi, huyu mama asiyejua herufi angenishinda nini? Lakini sikupata nguvu.

"Kumeandikwa hairuhusiwi kukojoa hapa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Ndivyo aliniambia. Mi miaka yote nilifikiri ni jina ya mwenye ghala. Nikamwambia, wacha kunichekesha." Akageuka, akavuta gunia tupu la kuwekea ndagala. Lilikuwa limegeuzwa ndani nje. Akalirudisha upande wake wa maandishi akalinyosha mbele yangu. "Na hapa?"

Yalikuwa ya Kifaransa, yamefifia. "Chakula ya kuku wa mayai," nikasema.

"Aliniambia hivyo. Alisema, mama, hii haiko gunia ya muchele, banunuzi bakiona watakimbia. Nikaigeuza, nikasema sawa, hata kama anatunga, haina hasara." Akanyoosha kidole kwenye sanduku la sabuni chini ya meza. "Na ile? Aliigeuza, alisema nimeiweka kichwa chini, kuna neno ya kusema hapa ni juu."

Neno lilikuwapo, na sanduku lilikuwa limesimama sawa. Nikamwambia lipo.

Akakaa. Tulikaa hivyo, wanunuzi wanapita, wawili wakasimama na kuendelea. Kumbe mtoto alikuwa ameondoka kwenye silabi zangu za karatasi akaenda kujimalizia mwenyewe sokoni, kwenye magunia na kuta, mahali ambapo herufi zina kazi. Alikuwa amefanya yote peke yake. Kitu kimoja tu alichokuwa hawezi kufanya peke yake ni kuitwa.

"Anaweza kurudi," nikasema. "Mama, tumurudishe. Mi nitakuja na we mpaka Uvira."

"Ameshapewa, Madamu. Dada yangu hana mutu mwingine, amejifungua juzi. Mutoto akipewa, kumunyanganya ni vita mu familia." Alisema hivyo kama anavyosema bei. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae, na akauliza kitu alichokuwa anakizunguka. "Lakini mbona haukumuita? Hakunyosha mukono?"

Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumweleza mtu asiye mwalimu habari ile. Nilimweleza. Nilimwambia mtoto anayejua ananyosha wa kulia, asiyejua ananyosha wa kushoto, na mgeni anaona mikono yote iko juu. Nilisikia maneno yangu yakitoka, na hapo mezani, kati ya ndagala, hayakuwa na ustadi wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kopo la kupimia liko mkononi.

"Na yeye," aliuliza, "alinyosha gani?"

"Wa kulia," nikasema.

Akachota ndagala, akajaza kopo mpaka juu, akanimiminia kwenye karatasi, akaongeza konzi moja ya nyongeza kama anavyomfanyia kila mteja, akaifunga, akanipa.